Nilitunza kwenye taarab, sasa mkwe hali chakula changu

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Unguja, naishi Mwanakwerekwe, mama wa watoto wanne. Mkubwa ni msichana wa miaka 13, wa mwisho ametimiza miaka 2 juzi. Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja kule Nungwi. Hukaa kazini siku 12, kisha hurudi nyumbani siku 3. Mama yake tunaishi naye mwaka wa sita huu, tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Ni mtu mzima wa kupita miaka 70, na nikiwa skuli yeye ndiye anayebaki na mdogo.

Nakuandikia kwa ajili ya usiku mmoja tu, lakini kwanza nikwambie siku zangu zinavyokwenda. Saa 10 alfajiri niko jikoni. Unga wa mandazi huwa nimeshaukanda usiku, kwa tui na hiliki, nikaufunika uumuke. Nachoma mandazi 80, mwenye duka anayachukua kabla ya saa 12 na nusu. Hapo tena chai ya watoto, sare, huyu haoni kiatu chake, yule kalowesha daftari. Darasani kwangu kuna wanafunzi 74. Nikirudi mchana napika, wakubwa wanakwenda chuoni kusoma Kurani, nafua, nasahihisha. Baada ya Isha nampaka mkwe mafuta ya nazi magotini, namkanda, halafu naanza tena unga. Nimeolewa miaka 15. Usiku niliotoka ni wa harusi na misiba, na kote huko nilikuwa uani kwenye masufuria.

Mwaka huu zamu yangu ya mchezo iliangukia Shaabani. Tuko walimu 12, kila mmoja anatoa 20,000 kwa mwezi, nikapokea 240,000. Watoto nikawanunulia nguo za Sikukuu, zikabaki 95,000. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu alikuwa ameshanishikilia: Idi pili usiku kuna taarab mjini, ile ya asili, ya ala za kanuni na fidla, na wenzetu wamekubaliana kuvaa zumaridi. Kitambaa na fundi vikatoka humo humo. Gauni refu, mikono mipana, shanga kifuani.

Mume nilimwambia kwa simu wiki mbili kabla. Akasema, "Nenda mke wangu, na wewe ukapumue." Mkwe nilimwambia siku ile ile, magharibi, makaa yameshashika kwenye chetezo. Akaitikia, "Haya." Nikaanza kujifukiza udi. Akaniangalia kidogo, akainuka polepole, akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na kanga mpya isiyowahi kuguswa na maji. "Jitande hii. Hiyo yako inanuka mafuta ya mandazi." Mpaka leo ninayo, imekunjwa juu ya kabati.

Shangazi, sijui nikueleze vipi usiku ule. Mwanangu mkubwa alinichora piko miguuni. Kichwani nilibandika kikuba cha asumini, mkononi bangili mbili za marehemu mama, ambazo huwa ziko ndani ya soksi nyuma ya nguo. Mlangoni nikavua baibui, taa zikanipiga, na wanawake wa mstari wa mbele wakageuka. Wakageuka kuniangalia mimi. Wanamuziki walianza na bashraf, hakuna maneno, ala tu. Nikakaa nimeshika soda kwa mkono mmoja, na mkono wa pili sijui niuweke wapi, maana hauna mtoto wala chaki. Saa 2 nzima zilipita hakuna aliyeniuliza kitu chake kiko wapi.

Wimbo wa tatu ulinishika. Nikainuka na noti tano za 1,000, nikazipanga vidoleni, nikaenda kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, nikamtunza moja moja. Sikuwa nasikiliza ubeti unasema nini, nilikuwa nasikiliza fidla. Kumbe ubeti ule ulikuwa unamsema mtu anayekula kwenye chungu cha mwenziwe huku akimteta mpishi. Na kumbe kuna mtu alikuwa ananirekodi.

Kipande chenyewe hakifiki nusu dakika. Nilirudi saa 8 usiku, nikalala, na nilipoamka tayari kiko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mume wangu. Wifi yangu ameandika chini yake: "Mama, salamu zako hizo."

Leo ni siku ya 11. Mkwe hali chakula changu. Napakua, nafunika kwa kawa, jioni naikuta sahani vile vile, mchuzi umeganda. Anachemsha chai yake mwenyewe, anamtuma mtoto boflo dukani. Magoti hataki niyaguse. Mdogo bado anakaa naye nikiwa skuli, hilo hakuliacha. Amesema neno moja tu: "Usiku ule mtoto amelia mpaka saa 7. Nimelea wangu saba, sasa nalea wa mtu aliyekwenda kunitukana." Mume wangu naye, yule yule aliyesema nikapumue, kapiga simu kasema nisitoke tena usiku. Nimefikiria gauni nimpe mdogo wangu, liniondokee machoni.

Nilikosa kwenda? Na wenzangu wanataka Idi kubwa twende tena. Niwaambie nini?

Mama wa Wanne, Mwanakwerekwe


JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi tu, nikakuona na zumaridi yako unavua baibui mlangoni. Mara ya pili nikaona ile sahani chini ya kawa, na moyo ukaniuma, kwa sababu najua chakula kilichokataliwa kinavyonuka jioni. Mara ya tatu ndipo nilipoiona kanga. Nitaifikia.

Swali lako la mwanzo nalijibu sasa hivi. Hukukosa kwenda. Ulikwenda kwa idhini ya mumeo, kwa pesa uliyoitoa mwenyewe mwezi baada ya mwezi, na watoto walivaa kwanza. Usiombe radhi kwa gauni, wala kwa piko, wala kwa wale waliogeuka kukuangalia. Nayasema haya mapema kwa sababu naona kwenye mwandiko wako kwamba umechoka, na mtu aliyechoka huomba radhi kwa kila kitu kwa pamoja ili yaishe. Ukifanya hivyo utakuwa umeuzika usiku wako, na kile kilichomuuma mkweo kitabaki pale pale hakijaguswa.

Sasa kutunza. Wewe ni mtoto wa Unguja, lakini miaka yote hiyo ulikuwa uani kwenye masufuria, kwa hiyo hakuna aliyekufundisha. Kwenye taarab, mtu anayeinuka kutunza anasema kitu. Watu hawahesabu noti zake. Wanaangalia ameinuka kwenye ubeti gani, na akitunza ametupa jicho upande gani. Mwimbaji akifika kwenye mstari wa mwenye choyo, akainuka mwanamke mmoja, basi ukumbi mzima unageuka kumtafuta mwenye choyo amekaa wapi. Hata akiwa hayumo ukumbini, watu watamtafuta nyumbani kwake.

Ni mambo ya tangu na tangu hapa kwetu. Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba kwenye santuri kwa Kiswahili, aliimba mambo yaliyotokea mjini, kesi za mahakamani na dhuluma za wakubwa, na waliomsikiliza walijua anasemwa nani. Vikundi vya akinamama waliokuja baadaye, Sahib el-Arry na Nuru el-Uyun, vilishindana kwa nyimbo na kwa mavazi, huyu akitoa fumbo lake, yule anatunga jibu. Masikio ya mji huu yamezoeshwa kusikia jina la mtu ndani ya shairi lisilotaja jina.

Kwa hiyo wifi yako hakuokota jambo hewani. Alikusoma kama anavyosomwa yeyote anayeinuka. Kosa lake ni kumpelekea mama mwenye maumivu kabla ya kukuuliza wewe ulikusudia nini, tena mbele ya ukoo mzima. Hilo ni kosa kubwa na sitalipunguza. Lakini ya wifi yaweke kando kwa sasa.

Siku nyingine ukitaka kutunza bila kumsema mtu, inuka kwenye ala, pale mwimbaji amenyamaza na vyombo ndivyo vinavyozungumza. Hapo hakuna neno la mtu kulishika. Au inukeni wanne watano pamoja kwenye kiitikio, mkatunze kwa furaha ya kundi. Na wewe uliyeshikwa na fidla, mtunze mpiga fidla. Atashangaa, maana wengi wanamsahau, lakini haki yake.

Niache nikuhadithie kidogo.

Mama yangu alikuwa akifua nguo za watu. Tulikaa Miembeni, watoto sita, chumba na ukumbi. Alikuwa kwenye kikundi cha wanawake, na mara mbili au tatu kwa mwaka sare yake hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, nasi tunapita tukiigusa kwa kidole. Aliyebaki na sisi ni bibi, mama yake baba, mwanamke mwenye maneno makali kuliko mkweo, niamini. Sikumbuki hata siku moja bibi akigomba kwa sababu ya taarab. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwa nini.

Bibi alikuwa akishirikishwa tangu kitambaa kiko dukani. Mama akimletea kipande cha kuonyeshea, bibi anakisugua kwa vidole, anasema hiki kitachuja, kamwambie mwenye duka akupe kile kingine. Siku yenyewe bibi ndiye aliyekuwa akimfunga kikuba. Na mama akirudi, saa 8, saa 9 za usiku, hakuwa akienda kulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha bibi na sare yake vile vile, anafungua halua iliyofungwa kwenye gazeti, anaanza: fulani kaja na nani, fulani kavaa nini, fulani kainuka kwenye ubeti huu na mwenziwe kakasirika katoka nje. Mimi nimejifunika gubigubi najifanya nimelala. Bibi anacheka mpaka anakohoa. Hakuwahi kutia mguu kwenye ukumbi miaka yote ile, lakini kila wimbo mpya wa mji aliujua, na aliujua kwa mdomo wa mama kabla ya mdomo wa mtu mwingine yeyote.

Mkweo aliujua usiku wako kwa mdomo wa simu. Wewe ulirudi ukalala, na sikulaumu, mtu anayeamka saa 10 kila siku akipata kitanda hulala. Lakini kipande cha nusu dakika ndicho kilichomfikia kwanza, na kilimfikia kikiwa na maneno ya binti yake chini yake. Yaliyobaki yote, gauni, bangili za mama yako, soda uliyoshika hujui mkono wa pili uuweke wapi, hayo hajayasikia mpaka leo. Mimi niliye mbali nimeyasikia. Yeye aliyebaki na mwanao hajayasikia.

Rudi nyuma zaidi. Mumeo ulimwambia wiki mbili kabla. Mkweo ulimwambia magharibi, makaa yameshashika. Hapo hukumuuliza, ulimuaga. Siku za skuli mtoto yuko mikononi mwake tangu asubuhi mpaka mchana, kwa magoti yale yale unayomkanda usiku, na mtoto wa miaka 2 hatembei, anakimbia. Usiku ule aliongezewa saa nyingine nyingi, na hakuna aliyemwendea kumwambia: mama, utaweza? Isome tena sentensi yake uliyoniandikia. Imeanza na mtoto aliyelia mpaka saa 7. Tusi limekuja mwisho. Mimi naamini kama mtoto angelala saa 3, na kama yeye angeulizwa mapema, wifi angeandika salamu zake na mama angemjibu, "Hebu niache, mwanamke kaenda kustarehe."

Nasema hivyo kwa sababu ya kanga.

Mtu asiyetaka utoke angekuacha uende na harufu ya mafuta ya mandazi. Angekaa kimya akijua wenzako watainusa. Huyu, ambaye kila hatua inamuuma, aliinuka, akafungua sanduku, akakutolea kanga mpya. Wanawake wa umri wake wanajua kanga mpya ya sandukuni ni ya nini: ni ya kutunzia harusi, ni ya kumpa mzazi, na nyingine ameiweka kwa ajili ya siku yake mwenyewe ya kuoshwa. Alitaka unukie. Alitaka ukifika huko watu waseme mke wa mwanangu katoka nyumba safi. Na baada ya saa chache anaambiwa kwamba mwanamke aliyemfunika kwa kanga yake amekwenda kutunza akimsema mbele za watu. Ungekuwa wewe ungekula?

Basi ichukue kanga hiyo. Ifue kwa mkono, ianike kivulini, ipige pasi, iweke juu ya chetezo mpaka ishike udi. Mwendee nayo baada ya Isha, saa ile ile uliyokuwa ukimpaka mafuta. Usimpelekee sahani ya chakula siku hiyo, ataona unamtega. Watoto wawe wamelala, simu iache jikoni. Kaa chini, sio kwenye kiti, umpe kwa mikono miwili. Mwambie: "Mama, kanga yako. Usiku ule nilikuaga, sikukuuliza, nikakuachia mtoto akilia mpaka saa 7. Nimekukosea, niwie radhi." Ukishasema, nyamaza. Anaweza asikujibu. Anaweza akakwambia neno kali ambalo amelipika siku 11. Mwache alitoe lote, usimkatize kwa kujieleza.

Akinyamaza, mhadithie. Anza pale ulipovua baibui. Usianze na ubeti, wala usiape, wala usimtaje wifi. Mwambie rangi za nguo, nani alikuwepo anayemjua, chakula kilikuwa nini, kikuba chako kilidumu mpaka saa ngapi. Ukifika kwenye wimbo wa tatu mwambie kama ulivyoniambia mimi: nilikuwa nasikiliza fidla, mama, maneno sikuyasikia. Ukilitoa ndani ya hadithi nzima, mahali pake, ataliona lilivyokuwa. Ukilitoa peke yake kama mshitakiwa anayejitetea, atalisikia kama uongo. Na muulize naye. Mwanamke wa miaka 70 na zaidi wa Unguja alikuwa msichana mji huu ukiwa umejaa ngoma na taarab. Alikuwa na gauni gani? Nani alimsuka? Huenda hakuna aliyemuuliza hayo kwa miaka 40.

Ya mumeo ni mafupi. Alikupa idhini, aisimamie. "Usitoke tena" ya kwenye simu, imesemwa na mtu aliye jikoni kwa watu huku dada yake akimjaza sikio la pili. Usibishane nayo huko huko. Mngoje aje siku zake 3. Mwombe kitu kimoja kwanza, aandike mwenyewe kwenye kundi lile lile: mke wangu alikwenda kwa idhini yangu na hakumkusudia mama. Maneno hayo tu. Wewe usiandike chochote humo, hata salamu za asubuhi, mpaka yeye aandike. Wifi yako mwache mpaka mama aanze kula, kisha mtafute ana kwa ana. Akikuta mama yake anakula kwako, nusu ya maneno yatakuwa yamemwishia.

Halafu mwambie mumeo la pili, na hili usilimung'unye. Unataka usiku wako, na unataka uangukie kwenye siku zake 3 za nyumbani. Sisemi kila mwezi. Lakini usiku huo yeye ndiye wa kulisha na kulaza. Anapikia wageni Nungwi siku 12. Hashindwi na wali wa watoto wanne na uji wa mama yake. Hapo mkweo atakuwa analala kwa raha zake na mwanawe yuko ndani ya nyumba, na yule msichana wako wa miaka 13 hatakuwa mlezi. Nimeona alikuchora piko kwa mapenzi. Nisingependa usiku wa mama yake uwe kwake ni usiku wa kubembeleza mtoto anayelia.

Na huyo mdogo, alilia kwa sababu hakusikia harufu yako. Ulitoka umenukia udi na asumini, na yeye hiyo haijui, yeye mama yake ananuka hiliki na mafuta. Ile kanga yako ya jikoni, ile ile mkweo aliyoikataa, usiifue siku unayotoka. Mlaze nayo.

Idi kubwa bado karibu miezi miwili. Wenzako waambie utawajibu, ukamuulize mkweo kwanza, sasa hivi, sio ikifika mfunguo tatu, mwezi wenyewe wa Idi kubwa. Muulize kwa dhati, maana yake awe anaweza kusema hapana. Akisema hapana, au siku za mumeo zisipoangukia hapo, kaa nyumbani mara hii, ziko taarab nyingine. Akisema nenda, mpelekee shauri la kikuba, anataka ukifungie wapi na asumini ichanganywe na nini.

Gauni usimpe mdogo wako. Litoe huko ulikolificha, shanga zifutie kitambaa chenye maji kidogo, lining'inize mahali unapoliona.

Kitu kimoja hukuniandikia, nami nimekitafuta kwenye barua yako mara zote tatu. Ile kanga ina jina gani? Mkweo alikwenda sandukuni, bila shaka zimo nyingi, akachagua hiyo. Nahisi ulijitanda haraka kwa sababu makaa yalikuwa yanazimika na rafiki yako yuko mlangoni. Kabla hujaifua, ifungue yote kitandani, uisome. Kisha niandikie imeandikwa nini.